Nani Husema na Nani? Uteuzi wa Kitabu cha Kwanza cha Kiswahili kwa Wanafunzi wa Vyuo

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameandika mengi kuhusu riwaya, tamthilia na ushairi, lakini iko aina moja ya matini ambayo aghalabu huachiwa wanaisimu na wataalamu wa mbinu za kufundishia, nayo ni kitabu cha mwanzo cha kujifunzia lugha. Kitabu hicho huhesabiwa kuwa chombo tu, mfano wa ubao na chaki. Ilhali ndicho kitabu cha kwanza cha Kiswahili, na kwa wengi ndicho cha pekee, ambacho mwanafunzi mgeni atakisoma tangu mwanzo hadi mwisho. Kina wahusika, kina mandhari, kina migogoro (hata kama ni mgogoro wa bei ya machungwa), na kina msimamo kuhusu nani ana haki ya kusema na nani kazi yake ni kusikiliza. Makala haya yanakisoma kitabu cha namna hiyo kama matini ya fasihi isomwavyo, na yanakipima kwa kukiweka mahali mahususi: ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako mwanafunzi wa chuo anayejifunza Kiswahili hupanga chumba, hununua mboga na hupanda matatu.

Idara zinapoteua kitabu cha mwaka wa kwanza huuliza maswali matatu: kinagharimu kiasi gani, sarufi yake imepangwa vipi, na kina mazoezi ya kutosha? Maswali hayo ni ya haki. Lakini kuna la nne ambalo huulizwa kwa nadra, na ndilo linalostahili kutangulia: katika kitabu hiki, nani husema na nani?

Umuhimu wa swali hilo huonekana wazi zaidi katika kitabu ambacho hapana idara ingekifikiria leo. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa mazoezi ya Kiswahili cha bara, na katika kichwa chake kirefu akawataja wasomaji wake mmoja mmoja: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, wake zao, pamoja na kila mtu anayeshughulika na wenyeji wa bara pasipo mkalimani. Mhakiki hahitaji kuvuka jalada ili kupata maudhui. Orodha nzima ni ya watu wanaoamuru au wanaonunua. Mwenyeji yumo katika kichwa hicho, lakini yumo kama jambo la kushughulikiwa. Hakuna mwanafunzi, wala mgeni aliyekaribishwa, wala jirani. Na kwa kuwa lugha hufuata uhusiano, Kiswahili cha vitabu vya aina hiyo hakina budi kuwa Kiswahili cha amri.

Hapa sarufi na itikadi hukutana mahali ambapo wengi hawapatazami. Vitabu vingi vya mwanzo hutanguliza hali ya kuamuru na kuiahirisha dhamiri tegemezi. Sababu inayotolewa ni ya kisarufi tupu: amri ni mzizi wa kitenzi pamoja na kiishio chake, basi, haina kiambishi cha nafsi wala badiliko la irabu, ukiacha vighairi vichache kama lete na njoo. Kwa hiyo mwanafunzi huijua *lete* kabla ya kujua *uniletee*, na *keti* kabla ya *karibu uketi*. Hoja hiyo ya urahisi ina kasoro kubwa. Katika mazungumzo ya watu wazima wasiojuana, mathalani kijana wa miaka 20 na mama muuza mahamri wa Kisauni, amri tupu haina nafasi ila baina ya mtu na mtoto au ndani ya ugomvi. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa mpangilio huo hutoka darasani akiwa na sarufi sahihi na adabu ya mlowezi, bila yeye mwenyewe kujua. Muuza mahamri hatamsahihisha; atampa mahamri yake na mbaazi, achukue pesa, na mazungumzo yaishe hapo. Mwanafunzi atadhani amefaulu.

Kwa kipimo hicho, vitabu viwili vilivyotawala vyuo kwa muda mrefu vinastahili kusomwa upya. *Swahili Grammar* cha E. O. Ashton, kilichotoka mwaka 1944, ni kazi ya akili kubwa, na yeyote anayekibeza yamkini hajakisoma. Ashton alikataa kulazimisha Kiswahili kiingie katika vyumba vya sarufi ya Kilatini. Alijaribu kueleza viambishi kwa kazi vinavyofanya na kwa dhana vinavyobeba, na akaona kwamba kiimbo ni sehemu ya sarufi, jambo ambalo warithi wake wengi walilisahau. Maelezo yake kuhusu vitenzi vinyambulishwa bado humfaa mwalimu kuliko mengi yaliyoandikwa baadaye. Lakini sentensi zake hazina msemaji. Zinaelea. Mtu fulani amekata mti fulani kwa shoka fulani, na msomaji hajui ni nani, wala anamwambia nani habari hizo, wala kwa nini. Kitabu hiki ni cha mwalimu. Kumpa mwanafunzi wa wiki ya kwanza ni kumnyima lugha kwa kumpa maelezo yake.

*Teach Yourself Swahili* cha D. V. Perrott, cha mwaka 1951, kina tatizo jingine. Kiliandikwa kwa mtu anayejifunza peke yake. Kwa hiyo mazoezi yake ni ya kufasiri, na majibu yake yamo nyuma ya kitabu. Ni kitabu safi, chepesi, na kwa miongo mingi kilikuwa rahisi kupatikana. Hata hivyo lugha ndani yake ni mazungumzo baina ya msomaji na kurasa za majibu. Inafaa kutajwa kwamba mwaka 1996 mfululizo huohuo ulitoa kitabu kipya kabisa cha Joan Russell, ambacho msingi wake ni mazungumzo na ambacho kiliambatana na kaseti. Ukiviweka vitabu hivyo viwili mezani utaona historia ya nusu karne ya nadharia ya ufundishaji lugha: sentensi imempisha msemaji. Mabadiliko hayo hayakuanza mwaka 1996. Sharifa Zawawi, Mzanzibari aliyefundisha New York, alikwisha kuyatangaza katika kichwa cha kitabu chake cha mwaka 1971, *Kiswahili kwa Kitendo*.

Lakini msemaji huyo aliyeingia kitabuni ni msemaji wa wapi? Swali hili lina historia yake, na sehemu ya historia hiyo iko Kisauni hasa. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo mkewe, Rosine, alifariki akazikwa upande wa bara, sehemu za Nyali ya leo, na kaburi lake bado liko. Muhtasari wa sarufi ya Kiswahili alioutoa Krapf huko Tübingen mwaka 1850 ulitokana na kazi yake ya Mombasa na Rabai. Endapo mambo yangefuata mkondo huo, mwanafunzi wa leo angefunguliwa mlango wa Kiswahili kupitia Mombasa. Hayakufuata. Edward Steere alitoa mwongozo wake mwaka 1870, akaeleza katika kichwa chenyewe kwamba ni Kiswahili kama kisemwavyo Unguja, na kitabu hicho ndicho kilichoshinda. W. E. Taylor, mmishonari aliyekusanya methali za Waswahili katika kitabu cha mwaka 1891, aliitetea Kimvita kwa bidii na hata akabuni alama za kutofautisha sauti ambazo tahajia ya kawaida huzichanganya. Utetezi wake haukufua dafu. Mwaka 1928 mkutano wa kuamua lahaja ya kusanifishwa ulifanyika, na kwa kinaya cha historia ulifanyika Mombasa kwenyewe. Kiunguja kikachaguliwa, na tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kukisanifisha.

Hapana haja ya kuufungua mjadala huo tena. Usanifu umeleta faida ambazo hata mtetezi mkali wa Kimvita huzitumia anapoandika. Jambo linalomhusu mteuzi wa kitabu ni dogo na la kila siku. Mwanafunzi aliyehitimu somo la kumi hufika Likoni akiwa na *njoo, njia, njaa, macho* na *mchele*, naye husikia *ndoo, ndia, ndaa, mato* na *mtele*. Amefunzwa kwamba ndoo ni chombo cha maji. Amefunzwa kwamba *paa* ni neno moja lenye maana mbili, ya nyumba na ya mnyama, kwa sababu tahajia haimwonyeshi mpumuo ambao sikio la Mombasa hulisikia bila shida. Amefunzwa *kivuko*, akiuliza kivuko kiko wapi ataeleweka, lakini kila mtu kando yake anasema *feri*. Amefunzwa *imekwisha ondoka*, umbo ambalo Ashton amelieleza vizuri, naye huambiwa *ishaondoka*, kwa kasi, na mtu anayekimbia. Na akiomba kuelekezwa kwenye hoteli akitaka pa kulala, atapelekwa penye chai na viazi karai.

Wako watakaosema kwamba matatizo haya yatajirekebisha yenyewe mwanafunzi akikaa wiki mbili. Ni kweli kwa msamiati. Kwa jambo jingine si kweli, na hapa ndipo vitabu vyote vilivyotajwa, vya zamani na vya sasa, hushiriki kosa moja. Vyote humjenga mwanafunzi kama mgeni wa pekee anayekutana na mzawa wa lugha. Upande mmoja yuko anayejifunza. Upande wa pili yuko mwenye lugha. Mpangilio huo wa wahusika hauafikiani na Kisauni, Likoni wala Changamwe.

Freretown, kituo kilichoanzishwa Kisauni na jumuiya ya wamishonari wa C.M.S. mwaka 1875, kilipokea watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, watu wa makabila na lugha nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, pamoja na Waafrika waliokuwa wamelelewa India. Watu wazima kwa mamia walijikuta wakihitaji lugha moja, na lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Hawakuwa na somo la kwanza wala la pili. Kule Likoni, Mdigo huzungumza Kiswahili akiwa na lugha yake iliyo ndugu ya Kiswahili. Kwa wanaisimu zote mbili ni za jamii ya Kisabaki, na nyingi ya tofauti zao husikika kuwa za mlango wa pili. Changamwe nako kuna jina lenye uzito wa karne: Wachangamwe, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio Thelatha Taifa za Waswahili wa Mombasa. Reli, bandari, uwanja wa ndege na kiwanda cha kusafishia mafuta, kilichofunguliwa mwaka 1963 na kukoma kusafisha mwaka 2013, viliileta Changamwe watu kutoka kila pembe ya Kenya, na watoto wao wakazaliwa hapo wakisema Kiswahili ambacho si cha babu zao wala si cha Wachangamwe wa asili.

Kwa maneno mengine, ng'ambo ya kisiwa ni makao ya watu waliojifunza Kiswahili. Mwanafunzi mgeni anayepanga chumba Magongo au Mtongwe hajiungi na wenye lugha. Anajiunga na foleni ndefu ya wanafunzi, yeye akiwa wa mwisho. Majirani zake wengi wamepita njia hiyohiyo au wazazi wao wameipita. Kitabu kinachomwonyesha mzawa mmoja tu, mwenye matamshi mamoja, humficha habari hii njema. Na humficha pia habari chungu, maana suala la nani ni wa hapa na nani amekuja tu si zoezi la viambishi vya mahali. Mwezi Agosti 1997 ghasia zilizoanzia Likoni ziliwalenga waliohesabiwa kuwa watu wa bara. Wengi waliuawa na maelfu wakahama. Mwalimu anayempeleka mwanafunzi huko na somo la *Unatoka wapi?* hana budi kujua kwamba swali hilo, katika vinywa vingine na mwaka mwingine, halikuwa la kujuana hali.

Tatizo hili si la Kiswahili peke yake, na kulilinganisha kunasaidia. Anayeteua kitabu cha mwanzo cha Kihispania kwa chuo cha Marekani hukutana nalo katika ukurasa wa viwakilishi vya nafsi. Je, afundishe *vosotros*, ambayo watu wa Hispania huitumia kila siku na Wamarekani Kusini huisikia kama ya ng'ambo? Afundishe *vos*, ambayo Muajentina hawezi kuongea bila hiyo? Vitabu vingi hutatua jambo hili kwa kuweka *vosotros* katika jedwali na kuinyima mazoezi, na *vos* huachwa nje au hupewa kisanduku pembeni. Utatuzi huo ni wa woga, lakini angalau unakiri kwamba lugha ina miji mingi. Vitabu vya Kiswahili vingefaidika na kisanduku kama hicho.

Kwa hiyo kitabu kipi? Katika vilivyopo, *Kiswahili: Msingi wa Kusema, Kusoma na Kuandika* cha Thomas Hinnebusch na Sarah Mirza, kilichotoka mwaka 1979 na kurudiwa mwaka 1998, ndicho kinachostahili kuwa uti wa mgongo wa mwaka wa kwanza. Mpangilio wa vitenzi katika kichwa chake ni msimamo: kusema kumetangulia. Somo huanza na mazungumzo, sarufi hufuata ili kueleza yaliyokwisha kusemwa. Zaidi ya hayo, waandishi wake hawakuwa watu wa lahaja moja kwa fikra. Hinnebusch ndiye aliyeandika pamoja na Derek Nurse historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki iliyotoka mwaka 1993, na Mirza alifanya kazi kubwa, itakayotajwa punde, juu ya masimulizi ya wanawake wa Mombasa.

Uteuzi huu una gharama zake. Maelezo ya sarufi ni kwa Kiingereza, na kitabu kilichapishwa Marekani kwa ajili ya madarasa ya huko. Si kila mgeni katika vyuo vya pwani ni Mmarekani. Mwanafunzi kutoka Kongo ya mashariki tayari ana Kiswahili, ila si hiki, na lugha yake ya shule ni Kifaransa. Msomali au Mhabeshi hulazimika kupitia Kiingereza kama mtu anayevuka feri mbili ili kufika ng'ambo moja. Kwa hao, kitabu chochote cha Kiingereza ni cha muda, na mwalimu atalazimika kueleza kwa Kiswahili chenyewe mapema kuliko anavyopendekezewa. Isitoshe, Kenya imezoea kuzitaja ngeli kwa upatanisho wake, A-WA, KI-VI, LI-YA, ambapo vitabu vingi vya nje huzitaja kwa viambishi vya nomino au kwa nambari. Hilo ni dogo. Linatatuliwa kwa karatasi moja ya kuambatisha.

Kikubwa ni namna ya kukitumia. Mwalimu hafungwi na mpangilio wa kitabu. Anaweza kuitanguliza dhamiri tegemezi katika wiki ya pili, *nipatie, uniletee, tukae, nisaidie*, na kuiacha amri hadi mwanafunzi atakapojua pa kuitumia. Anaweza kufundisha maamkizi kama yasikikavyo: *sabalkheri* na *masalkheri* kwa wazee wa Kiswahili, *waambaje?* kwa mwenzio, na *starehe* kwa aliyetaka kukuinukia ulipoingia. Anaweza kueleza kwamba mama mwenye nyumba haitwi kwa jina lake tupu. Huitwa Bi fulani, au Mama wa mtoto wake fulani, na kosa la hapo haliponywi na upatanisho sahihi wa ngeli.

Na anaweza kuingiza sauti nyingine kabla mwaka haujaisha. Kazi inayofaa zaidi ni ile ambayo Mirza aliitayarisha pamoja na Margaret Strobel, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991 kwa jina *Wanawake Watatu wa Kiswahili*. Ndani yake Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy wanasimulia maisha yao wenyewe Mombasa. Hali zao kijamii zinatofautiana, toka ukoo wa kiungwana hadi ukoo wa waliokuwa watumwa, nao wanazungumzia ndoa, ngoma, kazi na heshima kwa namna ambayo hakuna mtunzi wa mazungumzo ya darasani angeweza kuibuni. Itapingwa kwamba matini hiyo ni ngumu kwa mwaka wa kwanza. Ni ngumu ikiwa mwanafunzi anatakiwa kuifasiri yote. Haiwi ngumu akipewa aya moja, akatakiwa kutafuta maumbo ambayo kitabu chake hakikumwonyesha na kusema mhusika anamwambia nani. Kazi ya pili ni ya uhakiki zaidi kuliko ya sarufi, na wanafunzi wa fasihi huifanya vizuri kuliko walimu wao wa lugha wanavyotarajia.

Nakala za toleo hilo la Kiswahili si nyingi, na idara itakayoliweka katika mtaala itapaswa kuanza kwa kulitafuta maktabani kabla ya kuandika ratiba. Kaseti nazo zina kasoro inayojulikana: msemaji wa studio hutamka kila silabi kama anayemwamkia kipofu wa masikio. Dawa yake ni rahisi na haigharimu kitu. Saa moja ya darasa kwa wiki ihamishiwe kwenye feri ya Likoni, ambayo mtembea kwa miguu huvuka bila nauli, na mwanafunzi apewe zoezi moja tu: aandike alichokisikia, kwa tahajia yoyote aiwezayo, kisha arudi nacho ili kilinganishwe na somo la wiki hiyo.